Pepo Aliyeagiza Chai

Wiki jana niliwaachieni penye supu. Aliyekosa gazeti, au aliyelikuta limekwisha kufungiwa sukari dukani, ajue hivi tu: mimi Chande wa Munje, boi wa meza katika hoteli moja ya Diani ambayo jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe yu hai na ana bunduki, nilimmwagia mke wa hakimu bakuli zima la supu mapajani. Supu ilikuwa ya moto. Hakimu alikuwa amekaa ubavuni mwake.

Tangu siku hiyo mikono yangu ilianza kutetemeka, na haikuacha.

Bwana mmoja wa Lunga Lunga ameniandikia: "Ndugu Chande, mdomo unao. Kwa nini hukumwambia mwenye hoteli kwamba nyapara wako anakutesa?"

Ndugu yangu wa Lunga Lunga, inaonekana hujapata kufanya kazi kwa mtu.

Nyapara wetu wa chumba cha kulia, Mzee Chengo wa Matuga, hakuwa akimpiga mtu. Laiti angepiga, tungejua tumlaumu kwa nini. Yeye alikuwa akisubiri umebeba sinia, mbele ya wageni, huwezi kugeuka wala kujibu, ndipo anakuja kusimama nyuma ya sikio lako na kunong'ona: "Utaliangusha. Naliona linaanguka."

Basi, hilo tu. Halafu anawageukia wageni na kutabasamu.

Sasa utamshitaki mtu kwa lipi? Kwamba amenong'ona?

Na mahali pa kushitaki palikuwapo, tena pa kifahari. Memsahib, mke wa mwenye hoteli, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na wazo jipya, kwamba mtumishi mwenye moyo mkunjufu hufanya kazi vizuri zaidi kuliko mwenye moyo mzito. Kwa hiyo kila Ijumaa, wageni wakisha kunywa chai, sisi sote tulipangwa uani, naye akakaa kwenye kiti cha turubai na kutuuliza kwa Kiswahili kisafi cha kitabuni:

"Je, yuko mtu mwenye jambo lililomkaa moyoni? Na aseme bila ya hofu. Hakuna atakayefukuzwa."

Ijumaa ya kwanza alijitokeza Shutu, muosha vyombo. Alisema mchele wa watumishi una wadudu.

Memsahib alimpa mkono. Alimshukuru mpaka Shutu akaona haya. Jioni habari ikamfikia Bwana, mumewe, na kesho yake Shutu akahamishwa kutoka kwenye vyombo akapelekwa kubeba ndoo za choo za wageni. Hakufukuzwa. Memsahib alikuwa mtu wa kutimiza neno lake.

Ijumaa zilizofuata, akituuliza, tulimjibu kwa sauti moja kama watoto wa chuo cha Kurani: "Hatuna neno, Memsahib. Alhamdulillahi."

Naye alifurahi sana. Aliwaambia wageni kwamba pwani nzima hakuna watumishi wenye raha kama wa kwake.

Mimi niliitikia na wenzangu, mikono nimeificha ndani ya mikono ya kanzu.

Mke wangu Mwanarusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Aliniwekea uji asubuhi, akakaa mbele yangu.

"Baba Chiku, jana uliamka usingizini, ukasimama kando ya kitanda umenyooka, ukaniuliza kama nataka samaki au kuku."

"Nawe ulinijibu nini?"

"Nilikwambia kuku. Hukuniletea."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hulali," alisema. "Huli. Juzi mtoto ameangusha kijiko, wewe umeruka mpaka mlangoni. Mume wangu, unanitia hofu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana ndivyo mwanamume anavyojibu akiwa hana jibu. Badala yake nililia. Nililia uji ukapoa. Nikamwambia kwamba moyo unanienda mbio nikiona tu geti la hoteli, kwamba chakula hakipiti kooni, kwamba naogopa naingia wazimu.

Mwanarusi alinifumba mdomo kwa kiganja.

"Usilitamke hilo! Mwenye wazimu hufungwa kamba. Wewe una pepo."

Enyi mnaocheka mkiwa mjini, chekeni polepole. Mke wangu alikuwa amefikiri vizuri. Mwenye wazimu hukimbiwa, na kazi huipoteza siku ile ile. Lakini mwenye pepo huja kutazamwa na jamaa zake, hufukizwa ubani, huulizwa anataka nini. Na anachokisema pepo kwa kinywa chako si neno lako. Wewe ni kiti chake tu, yeye ndiye aliyekaa. Hata ukimtukana mkweo, ukizinduka hakuna wa kukuuliza.

Nikapelekwa kwa Bi Mwanafatuma, mganga wa Msambweni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatetemeka mkono upi?"

"Yote miwili."

"Hata ukiwa nyumbani?"

"Nyumbani kidogo. Kazini sana. Zaidi nikimwona nyapara."

Bi Mwanafatuma alifunga macho, akavuta ubani, akatikisa kichwa.

"Pepo huyu," alisema, "ameajiriwa."

Siku ya kupunga pepo ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Masika yalikuwa yamekaza na hoteli haikuwa na wageni, kwa hiyo Mwanarusi aliwaalika wote niliokuwa nikifanya kazi nao. Alimwalika na Mzee Chengo. Nilipomuuliza kama ana akili timamu, alinijibu kuwa shughuli haina ubaguzi.

Na Chengo alikuja! Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaleta halua ya kunituza. Mtu wa kwetu hata akikuchukia vipi, shughuli yako haikosi.

Nilifunikwa shuka, nikafukizwa, wapigaji wakaanza kutikisa kayamba, zile bapa za matete zenye mbegu ndani. Walitikisa sana. Pepo hakuja. Niliwasikia watu wakikohoa. Nilianza kuwaonea huruma wapigaji, jasho linawatoka bure, na Mwanarusi ameazima sufuria za jirani kwa ajili yangu.

Bi Mwanafatuma akainama sikioni mwangu. "Nani wewe uliyekaa juu ya kiti hiki? Jitaje."

"Mimi Bwana Mkubwa!" nikasikia sauti ikisema. "Mimi nataka chai! Upesi!"

Watu walipiga vigelegele. Pepo wa Kizungu! Hao wako pwani tangu enzi za babu zetu, na hutaka meza, kitambaa cheupe, na kikombe kinacholingana na kisahani chake. Vikaletwa vyote kutoka nyumba ya pili.

"Chai hii hapa, Bwana Mkubwa," alisema mganga.

"Hapana wewe. Chengo naleta."

Kayamba zikanyamaza.

Mzee Chengo alijishika kifua. "Mimi?"

"Wewe baba," alisema Bi Mwanafatuma. "Pepo amekutaja. Ukikataa, atamwacha huyu akupande wewe."

Chengo alikuwa haogopi mtu yeyote duniani isipokuwa pepo. Alikichukua kikombe, akanyanyua miguu mbele ya wapishi, madobi, waosha vyombo na mbeba ndoo, akanijia.

"Baridi," sauti ikasema. "Lete ingine."

Akaleta nyingine.

"Sukari iko mingi. Lete ingine."

Mara ya tatu, alipokuwa ameinama na kikombe mkononi, niliusogeza mdomo wangu nyuma ya sikio lake nikanong'ona:

"Utakiangusha. Nakiona kinaanguka."

Kikaanguka.

Hakuna aliyecheka. Wote waliokuwapo pale waliwahi kuisikia sauti hiyo nyuma ya masikio yao, na waliinamisha vichwa. Chengo akapiga magoti kwenye chai iliyomwagika, naye pepo akataja masharti: asimame mbele ya mtu anapotaka kumwambia neno, wala si nyuma. Anayetetemeka aruhusiwe kukaa mpaka atulie. Shutu arudishwe kwenye vyombo.

"Nimekubali, Bwana," alisema Chengo. "Nimekubali yote."

Mtaniuliza: alikuwa pepo, au ulikuwa wewe? Najua mtaniuliza, hata mke wangu ameniuliza. Ninachoweza kuwaapieni ni kwamba nilianza nikiwa mimi, kwa kuwaonea huruma wapiga kayamba. Lakini ilipofika kwenye chai, hata kama ningetaka kunyamaza nisingeweza. Maneno yalikuwa yakitoka, nami nikiyasikiliza, na nikiyaona ni mazuri.

Ahadi aliyopewa pepo haivunjwi. Kesho yake kazini Mzee Chengo alinijia kwa mbele, akasimama mbali kidogo, akasema, "Chande, mwanangu, tafadhali, kaipanguse ile meza ya dirishani."

Tafadhali! Nilitaka kutazama nyuma nione anamwambia nani.

Shutu alirudi kwenye vyombo, Chengo akisha kumwambia Bwana kwamba hakuna mwingine anayejua kusugua masufuria. Mimi nikaanza kulala. Mikono ikatulia. Nilibeba sinia la glasi kutoka jikoni mpaka barazani na halikulia hata kidogo, na nilipolitua niliona furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nianze kazi ile.

Ningekuwa na bahati, hadithi ingeishia hapa na gazeti lingetafuta mtu mwingine wa kuwasimulia misiba yake. Lakini wenzangu nao walikuwa na macho.

Wiki iliyofuata Shutu alipandwa. Pepo wake alikataa mchele wenye wadudu. Chengo, mbio, akabadilisha mchele. Dobi naye akapandwa, na pepo wake alikuwa mcha Mungu, hataki kufua Ijumaa. Mpishi akapandwa na pepo asiyependa kuwasha jiko kabla ya jua kuchomoza. Yale yote ambayo Memsahib alikuwa akituuliza kila Ijumaa na tukamjibu hatuna neno, mapepo waliyasema yote, moja baada ya jingine, na wakasikilizwa.

Haki ilienea hotelini kama harufu ya ubani. Masikini Chengo alikonda.

Masika yakaisha, wageni wakarudi, na mgeni wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kizungu anayependa kwenda kuvua alfajiri. Akaja jikoni gizani kuomba chai.

"Samahani, Bwana," mpishi alimjibu kwa adabu zote. "Pepo wangu bado haruhusu."

Saa ile ile Bwana akaamshwa. Akauliza, akapeleleza, na kufikia mchana akajua yote. Alijua kwamba watumishi wake walikutana Munje, mmoja akafunikwa shuka, akafukizwa moshi, watu wakapiga magoti na kukubaliana mambo ya kazi.

Nanyi mnakumbuka miaka ile. Huko bara ilikuwa Hali ya Hatari, na Mzungu akisikia habari kama hizo hakuwaza pepo. Aliwaza kiapo cha uasi.

Ijumaa ilipofika Memsahib alikaa kwenye kiti chake cha turubai kama kawaida. Bwana alikuja naye, mara yake ya kwanza. Hakukaa.

"Chande. Kuja mbele."

Nikaenda.

"Ile maneno ya Munje, nani nasema? Wewe, ama shetani?"

"Bwana..."

"Ngoja. Kama wewe, basi wewe mchochezi. Mimi peleka wewe Kwale, polisi. Kama shetani, basi wewe kichaa. Mimi peleka wewe Nairobi, hospitali ya kichaa. Chagua."

Memsahib akaniinamia kwa upole. "Sema bila ya hofu, Chande. Hakuna atakayefukuzwa."

Na ni kweli, kufukuzwa hakukuwamo.

Nilimfikiria Mwanarusi, na mwanangu Chiku, na kamba. Nilitafuta jibu la tatu, sikuliona.

"Chengo!" Bwana aliita. "Wewe ilikuwa huko. Nani nasema?"

Hapo nilijua nimekwisha. Mtu niliyempigisha magoti kwenye chai mbele ya mbeba ndoo ndiye aliyepewa shingo yangu. Alitoka kwenye mstari polepole, kanzu yake imenyooka. Alimtazama Bwana, akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

Halafu Mzee Chengo, ambaye hatukuwahi kumwona ameketi ndani ya hoteli ile, aliketi chini, mchangani, mbele ya mabwana zake.

"Bwana," alisema, "mimi silali."

"Nini?"

"Silali, Bwana. Kila asubuhi unaniita stoo nikahesabu vijiko vya fedha. Nikihesabu, wewe unasimama nyuma yangu. Unaniambia, 'Chengo, leo vitapungua. Mimi najua wewe mwizi.' Havijapungua, Bwana. Tangu nije hapa havijapungua hata siku moja. Nikifika nyumbani nahesabu vidole vya wajukuu wangu, naogopa vitapungua."

Sisi wote tulitazamana. Tulikuwa tukidhani sauti ile ya nyuma ya sikio Chengo aliibuni mwenyewe. Kumbe na yeye alipewa.

Bwana alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Hii nini? Shetani tena?" Akanigeukia. "Wewe nyumba ya shetani, wewe najua. Hii Chengo nasema, ama shetani nasema? Sema!"

Basi kibao kikageuka. Nikisema ni pepo, Mzee Chengo ni kichaa, safari ya Nairobi. Nikisema ni yeye mwenyewe, amemtusi Bwana mbele ya watumishi, tena katika Hali ya Hatari.

Nyuma yangu Shutu alininong'oneza: "Mwambie ni yeye! Akabebe na yeye ndoo aone."

Nilitamani, nisiwafiche. Nilimtazama Chengo pale chini kwa utamu wa mtu aliyekuwa akiiota siku kama ile. Lakini yeye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anaibana mikono yake katikati ya magoti ili isionekane inatetemeka, na mimi nilijua namna yake ya kubana, najua inavyouma vifundo. Chuki yangu ikaniishia pale pale, wala sikuitaka iishe.

"Bwana," nilisema, "huyu hana pepo. Wala si mchochezi. Huyu ni mgonjwa wa hofu, na hofu yenyewe ni wewe. Naijua, kwa kuwa yeye alinigawia mimi. Ukimpeleka Nairobi watamtazama bure. Mwondoe mtu nyuma ya sikio lake, atalala."

"Na ile ya Munje?"

"Ile ya Munje nilisema mimi."

Mpaka leo sina hakika kama ni kweli. Lakini niliona afadhali yawe maneno yangu, yawe na mwenyewe.

Memsahib alisimama, machozi yakimlengalenga, akapiga makofi.

"Asante, Chande! Asante sana! Hili ndilo hasa nililokuwa nikilingojea tangu mwanzo!" Akamgeukia mumewe. "Unaona? Wanasema!"

"Mimi naona," alisema Bwana. "Mwinga! Lete gari."

Mwinga dereva alileta gari. Bwana alikaa mbele, sisi wawili tukaamriwa kukaa nyuma, mimi na Mzee Chengo, bega kwa bega. Memsahib alibaki getini akitupungia mkono. Nadhani aliamini tunapelekwa kupumzika.

Tulifika njia panda ya Ukunda. Upande wa kulia ni Kwale kwenye polisi, na mbele zaidi Likoni, halafu treni ya Nairobi. Upande wa kushoto ni Msambweni, iliko hospitali ya kawaida ya watu wa kawaida, na baada yake Munje, nyumbani kwangu.

Mwinga alisimamisha gari. "Wapi, Bwana?"

Bwana alikuwa ametoa mkono dirishani, anagonga mlango wa gari kwa vidole.

"Chande," Mzee Chengo alisema kwa sauti ndogo, "unajua kusoma Yasini?"

"Najua, mzee."

"Basi anza wewe. Mimi nitakufuata."

Nikaanza. Nilikuwa sijamaliza aya ya pili pale Bwana alipofungua mlango, akashuka, akazunguka gari mpaka upande wangu, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza kitu na kungoja nimjibu.

"Chande," alisema, "wewe nataka kwenda wapi?"

Nilimtazama Mwinga kwenye kile kioo chake kidogo. Alikuwa amefumba macho. Wiki hii nawaachieni hapo, penye njia panda.